Dakika Arobaini na Tano

Nairobi hadi Kisumu, tiketi imesema:
dakika arobaini na tano.
Chai haijapoa, rubani ashatangaza ziwa;
bawa lainama, nayaona magugumaji,
kisha ua wa seng'enge, na nyuma yake,
Kogony,
bati la mama,
kutu ileile pembeni.

Kutoka langoni hadi kwake
ni mwendo wa kutafuna pingili moja ya muwa.
Mimi niliutembea miaka tisa.

Alikuwa akianika omena. Hakuinua uso.
"Sita kwa siku," akasema,
"Jumapili nne. Nilizihesabu.
Mvua inyeshe, isinyeshe, zilitua."

Akanisukumia kigoda kwa mguu,
mikono ikinuka samaki.

"Sasa hiyo yako, Ogweno,
ilikuwa ikizunguka wapi?"