Futi Tano

Mgongo wa kilima cha Tujunga ni mgongo wa punda:
mkavu, mwembamba, umezoea kubebeshwa.
Nyumba ya Bi Araksi imekaa juu yake
kama mtu aliyepanda bila kufikiri atashukaje.
Ni Septemba, saa nne asubuhi,
na parafujo tayari hazishikiki bila glavu.

"Nataka baraza la mwerezi," alisema,
"na ua wa mwerezi, uguse ukuta wa nyumba
kama ule wa Vartkes, ulioungua."
Akatuletea kahawa nzito, vikombe vya wanasesere,
akasimama kusubiri ndiyo.

Eliseo alikunywa kwanza. Hana haraka na moto wala na wajane.
Kisha akaniambia nibane ncha ya utepe ukutani,
akarudi kinyumenyume akihesabu:
moja, mbili, tatu, nne, tano.
"Kutoka hapo alipo huyu kijana mpaka kwenye kiatu changu,
hakuna mbao. Hakuna waridi, hakuna kuni,
hakuna zulia la mlangoni. Kokoto tu.
Moto ukija, ukute sahani tupu."

"Unanijengea jangwa."
"Sijajenga kitu bado, mama."

Watu hudhani moto huja kwa miguu,
unapanda mteremko ukinguruma, unaonekana, unakimbiwa.
Tumebomoa mabaraza mengi yaliyoungua, mimi na Eliseo,
tumejifunza kusoma weusi wake.
Moto huja ukiruka: kaa dogo, ukubwa wa ukucha,
limepewa lifti na upepo wa Santa Ana.
Linatafuta mwanya kati ya ubao na ubao,
majani ya mwaloni yaliyosahaulika huko chini,
linaketi kama mgeni mpole,
halafu linaita jamaa zake.

Eliseo hajui lugha yangu, na siku ile sikumwambia
kwamba kwetu neno ni moja:
ua, la yasmini, alilopanda Vartkes mwaka wa kuhamia;
ua, wa mbao, lilikotambaa hadi dirishani;
na ua, kitenzi, kisichohitaji maelezo.
Yote matatu yalikutana usiku mmoja.
Yeye alikuwa amerudi ndani kufuata miwani.

Hilo Bi Araksi hakulisema siku ile.
Alilisema siku ya nne, tukimwaga zege,
kama anayetaja bei ya nyanya.

Basi tukajenga. Nguzo za chuma.
Paa la kivuli la alumini, linalolia tki tki likipoa jioni.
Chini ya baraza, wavu wa matundu madogo,
hata punje ya choroko haipenyi.
Mwerezi alipewa, ule wa upande wa barabara,
una harufu ya penseli mpya,
lakini ulipokaribia nyumba tuliukata
tukaweka geti la chuma, futi tano, rangi ya kijani kibichi
aliyoichagua mwenyewe baada ya kununa juma zima.
Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Huku kilimani usipoziba ufa
hupati hata ukuta wa kujenga upya.

Oktoba tulipita kudai salio.
Ufagio wa majani makavu ulikuwa umeegemea ukuta,
katikati kabisa ya jangwa letu.
Eliseo aliuangalia ufagio. Akamwangalia mama.
Akahesabu pesa zake, tukaondoka.

Novemba, saa tano usiku, simu.
Upepo ulikuwa unapekua mabati ya jirani,
niliusikia mpaka kwenye kiti changu ndani ya gari.
"Eliseo, umeanza kuvuma.
Ufagio nimeutoa."
"Na zulia?"

Kimya.
Halafu nyayo zake juu ya kokoto,
kwacha, kwacha, kwacha,
na geti la kijani likifunguka.