Nikeli Iliyosahau

Kililetwa kimefungwa kanga, kizito kama tofali,
kinanuka dizeli na dagaa.
"Fundi Ntakije," akasema nahodha wa mashua ya vipimo,
"hiki kinapiga, hakisikii.
Karatasi inatoka nyeupe, Kibirizi mpaka Bangwe,
utadhani ziwa halina sakafu."

Nikakifumua mezani.
Vibati vya nikeli vimelaliana kama chapati,
waya umevizunguka mara mia na ushei.
Koili nzima. Nimeipima mara tatu. Nzima.

Sasa sikiliza, hili hata mume wangu haliamini:
ukiizungushia umeme, nikeli hujikunyata.
Kipande cha urefu wa kiganja hupungua
(chukua unywele, uchane mara ishirini,
tupa kumi na tisa)
kwa kiasi hicho basi. Kisha hujinyoosha.
Mara elfu kumi na tano kila sekunde.
Maji yanasukuma maji,
na sauti isiyo ya sikio la mtu
inashuka.

Ile transfoma ya Mwanga mnayosema ina jini,
ni chuma chake tu, kinajivuta vivyo hivyo usiku kucha,
hakina wa kumwambia.

Na kusema si kazi. Umeme ukipita
hata nikeli iliyochoka itapiga kelele.
Kusikia ndiko kunakotaka sumaku ndani,
kidogo, iliyobakizwa tangu kiwandani,
ili mwangwi ukirudi
ukute kitu cha kutikisa.
Hii ilikuwa imesahau.
Jua, miaka, kuangushwa gatini.

Nikaazima betri ya lori kwa Rukiko,
nikagusisha nyaya, cheche moja,
nikaachia.
"Ndiyo hivyo tu?"
Ndiyo hivyo tu. Elfu nane.

Alfajiri nikaenda nao, maana pesa hawakutoa.
Kalamu ikaanza kuunguza karatasi:
doa, doa, wingu la dagaa,
migebuka miwili mitatu chini yake.
Kupita mita mia mbili, pale hewa inapoyakimbia maji,
hakuna kitu. Weupe.
Nahodha akanitazama kwa jicho la mtu aliyepunjwa.

Ngoja, nikamwambia.
Nikahesabu kwa sauti.
Moja.
Mb—
kalamu ikaruka,
ikachora tope.