Kikombe cha Nne

Tarehe tatu Desemba, Yakutsk.
Nje ni digrii arobaini na sita chini ya sifuri,
ukungu umeegemea dirisha kama mtu asiye na kwao,
na shule imewafungia mlango watoto wadogo.

Mwanangu Kyunnei amepanga vikombe mezani.
Ana tembe za vitamini, za ladha ya chungwa,
zile zinazofoka povu zikiguswa na maji.
"Mama, usinisemeshe. Nahesabu."

Cha kwanza, maji ya birika, mvuke ungali unapanda.
Tembe ikatua, ikapiga makelele,
ikajirusha huku na huko, ikaisha.
Sekunde ishirini na mbili.
Hata sukari ya chai yangu sikuwa nimeikoroga.

Cha pili, maji yaliyolala jikoni usiku kucha.
Sekunde hamsini na moja.

Cha tatu, maji ya barafu ya mto Lena,
iliyokatwa Novemba kwa msumeno, magogo ya kioo;
mama mkwe hututumia kutoka kijijini
kwa kuwa hajawahi kuliamini bomba.
Humo tembe iliamka kama kijana wa Jumapili:
kiputo kimoja.
Kingine.
Ikafikiri.
Dakika mbili na sekunde arobaini,
na bado chembe ndogo ilikuwa inabishana chini.

Nikamuuliza kwa nini.
"Vijichembe vikipata moto hukimbia," akasema,
"vikikimbia hugongana,
vikigongana kwa nguvu ndipo kitu kipya huzaliwa.
Baridi haivikatazi, Mama. Inavichelewesha tu."
Nikamwambia hilo kila mkanda unga wa chachu analijua.
Akasema mkanda unga hana jedwali.

Cha nne hakikuwamo katika maagizo ya mwalimu.
Alichukua kikombe cha bati, akakishindilia theluji,
kavu, inayolia kama chumvi chini ya kijiko,
akaizika tembe katikati, akakiweka roshani.
Tukachungulia kupitia kioo.
Dakika kumi. Saa nzima.
Kwenye jedwali akaandika: *Bado.*

Mwalimu Gavril Semyonovich alilikata neno hilo
kwa wino mwekundu. *Andika namba.*

Kikombe nilikisahau. Nilikuwa na changu.
Kaka yangu Uybaan aliwauza farasi wa baba
mwezi wa Septemba, bila kuniuliza,
nami nikanyamaza.
Haikuwa hasira; hasira ina moto wake,
ningepayuka, tungemalizana kabla ya chakula.
Kilikuwa kitu kikavu, kimezikwa,
hakina tone la maji la kukigusa.
Akipiga simu, naiacha ilie juu ya friji.
Januari aliacha kupiga.

Aprili ikielekea kwisha, paa zikaanza kudondosha.
Nilitoka roshani kuanika shuka
nikasikia mtu ananong'ona miguuni pangu.
Nikainama.
Kikombe cha bati: vidole viwili vya maji machafu,
kisiwa cha theluji kimepinda upande,
na katikati, rangi ya chungwa,
tembe inasema yote iliyokuwa nayo,
polepole,
bila kuruka neno.

Nikamwita Kyunnei. Alikuja na daftari,
kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.
Akahesabu kwa vidole, akakosea, akaanza upya:
miezi minne, siku ishirini na moja.
"Basi nitampelekea," akasema, "namba yake."

Nikakaa juu ya beseni, shuka zikinilowesha mgongo.
Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni.
Nikaligusa jina la Uybaan
kabla sijapata la kumwambia.
Ikaita.
Ikaita tena.
Kyunnei akanitazama usoni, kisha mkononi,
akaitoa saa yake ya kuhesabia,
akaibonyeza.