Shaba ya Kariobangi

Kipande hiki nilikinunua kwa Odeny, Kariobangi,
gramu mia mbili na thelathini, mizani yake ikilegalega
kama jino la mtoto.
Sikumuuliza kilikatwa kwenye nguzo gani,
wala ni mtaa gani uliolala gizani kwa ajili yake.
Nililipa, nikakitia mkobani, nikateremka hadi Chiromo.

Maabara yetu ina tanuri moja, mlango umefungwa kwa waya.
Shaba nikaiosha kwa asidi hadi ikawa nyekundu kama ulimi,
nikaiweka ndani, digrii mia nne na hamsini,
pamoja na hewa tu, hewa hii hii ya Nairobi
yenye moshi wa dizeli na harufu ya mvua ya Aprili.
Saa ya pili stima ikapotea.
Saa ya nne ikarudi. Nikaanza upya.

Asubuhi shaba ilikuwa imeota nywele.
Kwa macho huzioni: unaona weusi tu,
weusi wa mahameli, unaomeza mwanga wa dirisha.
Lakini chini ya darubini tunayoikodi kwa saa,
msitu.
Nyuzi za oksidi zimesimama wima,
na unywele wangu, ukilazwa kando ya mmoja,
ni gogo la mvule.

Mama ni fundi cherehani. Angezielewa kabla yangu.
Hulamba uzi, huupenyeza tunduni bila kutazama,
na husema: nguvu ya sindano si chuma, ni ncha.
Ndiyo fizikia yote niliyoiandika kwa kurasa arobaini.
Uga wa umeme hukimbilia kwenye ncha,
hujibana pale, hukaza,
mpaka ukuta unaoizuia elektroni
unakonda, unakonda,
unakuwa pazia.

Na elektroni hairuki ukuta. Haiupandi.
Haihitaji hata joto la kuitia ushujaa.
Ilikuwa ndani; sasa iko nje.
Ya katikati usiulize. Nimesoma miaka sita, nami siulizi tena.

Muthengi amekesha na pampu yake,
akiisikiliza kifua kama daktari wa wodi ya watoto.
Ombwe halitaki haraka: hewa hutoka nyingi,
kisha kidogo, kisha ile ya mwisho inayong'ang'ania kuta
kama mgeni aliyesikia chapati zikigeuzwa.
"Sasa," akasema. Saa saba na robo usiku.

Volti mia sita: kimya.
Mia tisa: kimya, ila mbwa wa askari.
Elfu moja na mia mbili. Na arobaini.
Kwenye kioo cha fosfori, nukta.
Kijani. Ndogo kuliko kichwa cha pini.
Inatetemeka, inafifia, inarudi,
na ya pili kando yake, na ya tatu.

Hatukushangilia. Muthengi alivua miwani,
akaifuta kwa shati, akaivaa,
akahakikisha bado zipo.

Kamati itaniuliza: ina faida gani?
Nitawaambia habari za eksirei ya kubebwa begani
hadi zahanati ya mbali, na nitakuwa nasema kweli.
Lakini usiku ule niliuwaza mtaa nisioulizia jina,
na mtoto aliyemaliza hesabu zake
kwa tochi ya simu ya jirani.
Deni ni kubwa. Nimelipa nukta tatu.

Mbili, sasa; moja imeungua.
Muthengi, usizime pampu.