Uji wa Viganjani

Karatasi ya Bombo ilisema: vuta pumzi, hesabu hadi nne.
Mwanamkuu hana nne.
Ana moja, halafu ana "nyingi".

Mashine ya kusaga pale Mikanjuni ikinguruma
hujipiga kichwa kwa ngumi,
nami nahesabu peke yangu, kama mjinga.

Jumanne nikamwona akipuliza uji,
kaukunja mdomo kama tundu la kifungo,
mabega yakishuka yenyewe.

Ile karatasi nikaikunja,
nikaitia chini ya mguu wa meza unaoyumba.

Leo mashine imewaka. Ngumi imepanda.
Nimekutanisha viganja: bakuli tupu.
"Wa moto huu," nikamwambia.
Akapuliza.
Akapuliza tena.

Mwenye mashine akauliza tumepuliza mara ngapi.
"Nyingi," akajibu Mwanamkuu.