Rangi ya Maji ya Mchele

Saa kumi na mbili kasorobo. Julai. Bonde la Ole.
Nimevaa sweta la mtumba, kifuani lina mnyama
mwenye pembe kama matawi, wa nchi za theluji,
simjui jina. Leo tumepatana.
Kipupwe kimeshuka usiku kucha
kikakaa juu ya mashina ya mpunga uliokwisha kuvunwa
kama mgeni asiyetaka hata kahawa.

Hakuna kitu. Ndicho nilichokifuata.
Dungu limebaki peke yake kwa miguu minne,
mmoja umezama topeni.
Watoto waliokuwa wakiamia ndege wamerudi shule,
na ndege nao, kwa kukosa wa kuwafukuza,
wamekwenda zao.
Nikapiga moja. Nikapuliza vidole.
Nikapiga nyingine, na mlio wa kamera,
mdogo kama njiti ya kiberiti inayovunjika,
ukasikika mpaka ng'ambo.

Dukani Wete, baina ya picha za paspoti
na bibi harusi anayetaka kung'arishwa uso mara ya tatu,
nikaifungua.
Mashine ina kijiti cha joto: kushoto baridi, kulia moto.
Nikavuta kushoto. Bonde likawa samawati,
zuri, kama kalenda ya benki,
na si langu.
Nikavuta kulia: ukungu ukageuka
moshi wa mishikaki.
Nikarudi kushoto. Nikapunguza kijani, nikafifisha manjano.
Nikaiona nguzo ya umeme pale ukingoni,
nikaipangusa mara moja, kama tongo la jicho.
Nikasema: sasa kumetulia.

Jioni nikampelekea Bi Mize,
aliyelima bonde lile miaka arubaini
mpaka magoti yakamkatalia kilima.
Alikuwa akiosha mchele.
Akaishika picha kwa ncha za vidole, mbali, kisha karibu.
"Wapi huku?"
Ole, bondeni. Dungu lenu hulioni?
"Dungu letu. Baridi si yetu.
Hii baridi ya friji.
Na nguzo umeipeleka wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Ukungu ukiwa mzito huoni tuta, huoni mtaro,
unaiendea nguzo. Ukiigusa,
hatua kumi na moja kushoto,
unakanyaga kwangu."

Sikuwa na la kujibu. Nikatazama bakuli lake.
Maji yale si meupe, si majivu;
yana weupe unaosita,
wingu lililokubali kukaa chini,
na punje ndani yake unazikisia tu.

Hizi rangi zetu hazikuja na namba.
Damu ya mzee, maji ya kunde, ugoro:
kila moja imetoka jikoni kwa mtu, au mfukoni mwake,
na mimi siku nzima nasukuma vijiti
nikiitafuta huzuni,
wakati bonde halikuwa na huzuni.
Lilikuwa limepumzika.

Usiku nikarudi dukani, nikaifuta ile ya samawati,
nikaanza tena na picha mbichi.
Sikuvuta kushoto wala kulia.
Nikatoa weusi kidogo kidogo,
kama amwagaye maji ya kwanza, ya pili,
akauzuia mchele kwa kiganja.
Nguzo nikaiacha. Imesimama nusu;
waya zake zinaingia kwenye ukungu
na hazitokei upande wa pili.

Sijampelekea bado.
Nimehesabu juu ya kioo kwa ukucha,
kutoka kwenye nguzo, kumi na moja, kushoto.
Pale hapana kitu: mashina, umande, kijitaro kilichofukiwa.
Pale tu nimeongeza mwanga,
mdogo mno, hata yeye mwenyewe
asiweze kusema nimegusa.