Daftari la Stoo

Limefumuka uzi, daftari hili la kwanza,
nimelibana kwa mpira wa baiskeli.
Kabla sijakabidhi funguo, Ijumaa kabla ya adhana,
nitalisoma kwa sauti,
wanisikize jiriwa na panya wa Tudor.

Ukurasa wa kwanza, wino wa buluu, herufi za kulala:
"Tupa bapa, moja. Mchukuaji Bwanakheri Shee, wa Kuze.
Sababu: nataka kujua."
Hapana aliyeandika hivyo tena.
Waliofuata waliandika mtihani.
Wengine: mwalimu kasema.
Na safu ya kurejesha, mbele ya jina lake,
i wazi hadi leo. Simdai.

Chuo kilikuwa majengo mawili na kuba,
chokaa hata haijakauka,
na vijana waliokunja mikono ya kanzu
wakilitazama kerezo kama bibi harusi mgeni,
hawajui waanzie wapi kumsalimu.
Fundi Ghulamhusein ndiye aliyewapa ulimi.
Alipima kwa kidole gumba, kisha kwa kipimo cha chuma;
vikihitilafiana, alikirudisha kipimo stoo.
"Kimechoka," aliandika.
Nilikijaribu mwaka jana. Kimechoka kweli.

Jina la langoni nimeliona likibadilika:
taasisi, politekniki, chuo kikuu.
Kila mara hupakwa rangi usiku, wakubwa waja kesho,
na kila masika rangi ya juu hubanduka kidogo,
jina la zamani likachungulia
kama mke mkubwa dirishani.

Humu ndani nyundo haijabadilishwa jina.

Darasa la umeme, ukutani, nyuma ya kabati,
kuna chaki ya mwaka wa mgomo, chuo kimefungwa miezi saba.
Aliyeandika hakujitaja:

*Stima haina jamala, haimjui rafiki,*
*Hupiga mwenye kulala, hupiga na mwenye haki,*
*Usije kwayo na hila, uongo haufichiki,*
*Zima swichi kwanza, mja, ndipo nikuite fundi.*

Wapaka rangi wamepita mara nne.
Wote wamelizunguka lile kabati.

Ukurasa wa mia na kumi, kalamu ya risasi:
"Mita ya umeme. Mbodze Chivatsi, wa Rabai."
Ndiye mwanamke peke yake katika ukurasa ule,
na mkono mwingine umeongeza pembeni:
"Arudishe upesi, ataiharibu."
Aliirudisha kesho yake, imetengenezwa.
Winchi ya Kilindini ilipogoma, miaka mingi baadaye,
meli tatu zangoja nje,
yeye ndiye aliyegongewa mlango usiku,
akaipanda na nguo ya kulalia chini ya ovaroli.

Kisha ile injini ya tishari tuliyotupiwa na bandari,
haina kitabu, kutu hadi rohoni.
Mihula sita waliifungua na kuifunga.
Ikabaki parafujo moja mezani.
Injini ikawaka.
Parafujo ninayo mfukoni,
na hajatokea mhadhiri wala profesa
wa kuniambia ni ya wapi.

Siku hizi huja kuazima ndoo na nyavu,
watoto wa maabara ya bahari,
suruali zimeloa hadi magotini.
Wanamuuliza mwani kwa nini anaugua
na maji ni yale yale.
Mmoja aliniambia: si yale yale, mama.
Alinionyesha nambari. Sikuzielewa,
lakini sauti yake niliijua,
ilikuwa ya wino wa buluu.

Sasa kompyuta imekuja.
Nyevu, atakayekaa kitini hapa, ana vidole vyepesi:
jina, nambari, tarehe, basi.
Nikamuuliza, na sababu yaandikwa wapi?
Akatafuta juu, akatafuta chini.
Haina nafasi, akasema, na akaona haya
kana kwamba ni yeye aliyeiunda.

Basi nimefungua kalamu, mstari wa mwisho:
"Tupa bapa, moja. Mchukuaji, mimi.
Sababu: nyumbani Majengo kuna bawaba
inalia kila usiku, na mafuta nimeitia.
Nataka kujua."